Siendi kwa Mtu

"Unaenda kwa nani?" Benta aliuliza, amesimama upande wake wa ua wa minyaa, beseni la dagaa wa omena limekaa kiunoni.

Seline alikuwa amepiga magoti nje ya nyumba yake pale Dunga, anafunga gunia kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Ndani yake alikuwa ametia blanketi, turubai la marehemu mumewe, sufuria ndogo, chumvi, unga wa mtama na muhogo, na viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Alikaza fundo la mwisho kwa meno.

"Siendi kwa mtu," akasema.

"Kuna matanga?"

"Hakuna."

"Binti yako Milka amejifungua?"

"Milka yuko kwake Pap Onditi, mzima, hana hata mimba."

"Sasa?"

"Naenda kuangalia ziwa."

Benta akageuka polepole, akalitazama ziwa lililokuwa pale pale nyuma ya mafunjo, limetandaa mpaka macho yanachoka. Akamrudia Seline. "Na hili letu limekosa nini?"

Swali la Benta halikuwa la uchokozi. Mwanamke wa huku hasafiri hivi hivi. Husafiri kwa mtu: kwa mama mgonjwa, kwa binti aliyezaa, kwa shangazi aliyefiwa. Ukimwona na mzigo huulizi anakwenda wapi, unauliza anakwenda kwa nani, na akikujibu umeshajua arudi lini na alie kiasi gani. Na huyu Seline hakuwa mwanamke tu, alikuwa mjane. Enos, fundi wa mashua, alikuwa amezikwa mwaka mzima uliopita, na mjane ambaye bado hajarithiwa na ndugu wa mume haingii nyumba ya mtu mwingine. Akiingia, wanasema, ameacha mauti mlangoni. Kwa hiyo mwaka mzima Seline alikuwa akisalimia watu akiwa amesimama nje kama mkusanya kodi.

Absalom, mdogo wa Enos, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na meno mazuri ya kucheka. Alikuja na sukari, akaketi, akasema, "Shemeji, mimi sitafuti shida. Ni desturi. Wazee watakaa mtama ukishavunwa, wewe ukubali, tumalize. Ukikataa, boma hili ni la ukoo. Utatoka, na huko nje utalala wapi? Nani atakufungulia mlango?"

Seline alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kila Jumapili, na alikuwa amemwahidi Mungu kwamba mwanamume wake ni mmoja. Alimwendea mchungaji. Mchungaji alisema avumilie, wataomba. Seline akasema asante, akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba Mungu amesikia na mchungaji hajasikia.

Siku zile, ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, walianza kupita wale wazungu wa mabegi. Watu wa Dunga walikuwa wamezoea mzungu wa gari na mpishi. Hawa walibeba mizigo yao wenyewe mgongoni, nywele ndefu, viatu vimeachama, wakala mkate na parachichi wamekaa juu ya mawe ya kupigia nguo. Walikuwa wakitafuta mashua ya kuwapeleka mbali, kwenye kisiwa kimoja kidogo huko mbele ya Mfangano, chenye mchanga mweupe.

"Wanaenda kwa nani?" Seline alimwuliza mchuuzi wa samaki aliyekuwa akipatana nao.

"Hakuna mtu. Wanaenda kuangalia tu."

"Watalala kwa nani?"

"Mama, hao hulala mchangani. Hawataki kulipa nyumba."

Seline alisimama pale na beseni lake tupu. Neno lile lilimwingia na halikutoka. Mchangani. Alilibeba nyumbani, akala nalo ugali, akaenda nalo ibadani. Katikati ya wimbo akaona jambo ambalo hakuna mzee aliyekuwa ameliona: mwiko ulisema nyumba ya mtu. Haukusema mchanga.

Kwa hiyo asubuhi ile alipitisha mikono katika mikanda ya mpira, akainua gunia likamkaa mgongoni. Benta akapiga kofi.

"Uwi! Mgongoni? Kichwa chako kina kidonda? Umekuwa punda, Mama Milka!"

"Punda hurudi nyumbani," Seline akasema. "Niangalizie kuku."

Alipanda meli ya ziwa, sitaha ya chini, kati ya mikungu ya ndizi na mbuzi aliyekuwa akitafuna kona ya gauni la mtu. Hapo hakuna aliyemwuliza chochote, maana melini kila mtu ni mgeni. Alipofika Homa Bay ndipo alipohitaji mashua ya tanga ya kumvusha. Nahodha, mtu mnene aliyeitwa Wakoli, aliyetoka upande wa Port Victoria, alimtazama kuanzia kitambaa hadi miguu.

"Mama, wewe ni mjane?"

"Ndiyo."

"Umesharithiwa?"

"La."

Wakoli akakuna shingo. "Vijana wangu hawatataka. Mjane ndani ya mashua, upepo unakasirika."

Seline aliinama akautazama ubavu wa mashua kwa chini. "Mbao yako ya tatu imeachia. Mume wangu alikuwa akizitengeneza hizi. Utafika nusu ya safari maji yako hapa," akajigusa kwenye goti. "Unataka mjane anayekuchotea maji, ama unataka vijana wasio na mkosi wanaozama?"

Vijana wawili wa Wakoli walicheka mpaka mmoja akaketi. Nahodha mwenyewe alijaribu kukasirika, ikamshinda.

"Panda. Lakini usikae mbele."

Ndivyo alivyolipia safari yake: kwa kopo. Alichota maji njia nzima, amekaa nyuma, gunia mgongoni lisilowe, akiomba Mungu kimya kimya na kuimba kwa sauti. Upepo haukukasirika. Ulikuja mwema, ukajaza tanga, na Wakoli akaanza kuitikia wimbo bila kujitambua.

Kisiwa kilikuwa kweli. Mchanga wake ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo uliochekechwa, na Seline alipokanyaga alitazama nyuma kuona kama ameuchafua. Mwanamke wa pale, Nabalayo, mke wa mvuvi, alishuka kumpokea. "Karibu nyumbani, Mama, uji uko jikoni."

"Asante sana. Siwezi kuingia. Mimi ni mjane na bado sijarithiwa."

Nabalayo akaelewa na hakuuliza zaidi. Alikwenda akarudi na kaa la moto juu ya kigae. Seline akawasha kuni zake, akafunga turubai kati ya miti miwili, akapika sufuria yake. Alipolala, alilala vizuri kuliko alivyolala mwaka mzima, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kusikilizia.

Jirani zake walikuwa wazungu wawili wa mabegi. Mwanamume alikuwa na homa na kutwa nzima alilala chini ya shuka akilaumu ndizi. Msichana aliitwa Karin, na alikuwa amejifunza Kiswahili katika kitabu.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Je, una chumvi nyingi?"

"Ninayo ya kutosha. Keti, binti."

Wakala pamoja, viazi vya Seline na papai la Karin. Msichana akamwuliza amekuja kumtembelea nani. Hata huyu! Seline akamjibu vile vile: siendi kwa mtu. Karin akacheka, akajigonga kifua. "Mimi pia!"

Kisha akatoa kitu begini. Kilikuwa kioo kimoja kipana chenye ukingo wa mpira, cha kufunika macho na pua, na bomba lililopinda la kupumulia. Akaeleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: unavaa, unalala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, bomba nje. Unaangalia.

"Unaangalia nini?"

"Samaki."

Seline akacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga. "Samaki mimi nimeangalia tangu nizaliwe, mwanangu. Nawauza."

Lakini hakukirudisha kile kioo. Alikishika, akakigeuza. Wanawake wa kisiwa waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mmoja akaita, "Mama, usijifunge hiyo kitu, utakufa kama mbuzi kwenye ndoo!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anatafuta mume huko chini!" Wakaangua kicheko wote.

"Nikimpata nitawaletea," Seline akawajibu.

Akaingia majini na gauni lake na kitambaa chake kichwani, mpaka kifuani, kando ya mawe meusi ambako Karin alimwonyesha. Akasema moyoni, Bwana, nashika bomba, na wewe nishike mimi. Akainamisha uso.

Kwanza alisikia pumzi yake mwenyewe, kubwa, kama mtu mwingine anayelala karibu naye. Akataka kuinuka. Hakuinuka. Maji yakatulia, na chini yake, kati ya mawe, wakatokea fulu.

Fulu ni samaki mdogo wa watu wasio na pesa ya ngege, samaki mkubwa wa ziwani. Seline alikuwa amewatumbua, amewaanika, amewageuza juani na kuwafukuzia nzi tangu akiwa msichana, na kwake fulu walikuwa na rangi moja, rangi ya vumbi la barabarani. Hawa walikuwa buluu kama moto wa jiko la mafuta ya taa. Wengine walikuwa wekundu begani kama waliovishwa vitenge, wengine njano yenye mistari myeusi. Mmoja alisimama mbele ya pango lake, mapezi yamefunguka, akamkabili mwanamke mzima mwenye uso wa kioo, akamfukuza. Kweli alimfukuza! Alikuja, akarudi, akaja tena. Seline akasogea nyuma kidogo kumpisha.

Alipoinua kichwa, Karin alikuwa akingoja kumwona anatabasamu. Seline hakutabasamu. Alikuwa na hasira, ya ajabu, ambayo hakujua aielekeze wapi. Akavua kioo, akakaa mchangani maji yakimchuruzika.

"Si nzuri?" Karin akauliza.

"Nzuri," Seline akasema. "Miaka yote hii nimeletewa wakiwa wamekufa."

Alirudi ndani ya maji siku ile na siku zilizofuata, mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana na wale wanawake wa kufua wakachoka kumcheka. Mmoja wao akaomba kioo. Kisha Nabalayo naye. Mashua ya Wakoli ilipopita kurudi, Seline alikunja turubai, akamwachia Karin chumvi yote iliyobaki, akachukua kopo lake la kuchotea maji bila kuambiwa.

Alipofika Dunga, aliona kutoka mbali kwamba ana wageni. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Benta alisimama uani na kuku wawili miguuni, macho yamemtoka, akamnong'oneza, "Wamo ndani tangu asubuhi. Wamesema ukija usiingie mpaka uitwe."

"Niitwe nyumbani kwangu?" Seline akasema, akaingia na gunia lake mgongoni.

Mzee Gordon, mkubwa wa ukoo, alikuwa kwenye kigoda, ugoro mkononi. Absalom alikuwa kwenye kiti cha Enos. Na kwenye msumari ukutani, pale Enos alipokuwa akitundika msumeno wake, palikuwa na koti la Absalom, jeusi, lililopigwa pasi. Seline aliliona kabla ya kuwaona watu. Koti la mwanamume likishatundikwa kwa mjane, mambo yamekwisha, limebaki neno tu.

"Wazee, habari za hapa."

"Ulilala wapi?" Absalom akauliza, hakujibu salamu.

"Nje."

"Nje ya nani?"

"Nje ya Mungu. Mchangani, chini ya turubai la ndugu yako. Sikuingia nyumba ya mtu, sikugusa mlango wa mtu. Kama kuna mauti nimeacha mahali, nitajie ni mlango gani."

Absalom akamgeukia mzee. Mzee Gordon akakohoa. "Hilo," akasema polepole, "sheria haijakataza... yaani, sheria haijalisema."

"Mjane anatembea kama hao wazungu wa mabegi!" Absalom akasema. "Watu wanacheka mpaka sokoni! Amelala nje kama mbwa!"

"Yesu naye alilala ndani ya mashua," Seline akasema, "na hakuna aliyemwita mbwa. Shemeji, nimekusikiliza mwaka mzima. Leo nisikilize. Sitarithiwa. Si wewe tu, hata mwingine. Nilikula kiapo kimoja na nimekimaliza vizuri. Shamba nitalima, kaburi la Enos nitalifagia, ukoo nitauheshimu. Lakini kitanda changu si cha kikao."

"Basi utatoka hapa."

"Labda."

"Na huko nje utalala wapi?"

"Huko nje nimetoka sasa hivi," Seline akasema. Hakupandisha sauti. "Nilipika, nikala, nikalala, Mungu akaniamsha. Ukinitoa kesho, mzigo wenyewe huu hapa, sijaufungua. Lakini utanitoa mchana, mbele ya Benta na kanisa lote, na utawaambia umemtoa mke wa Enos kwa sababu gani."

Absalom akasogea ukingoni mwa kiti. "Mzee," akasema, "mwambie basi."

Mzee Gordon alikuwa amechukua ugoro kwa vidole viwili, lakini hakuuvuta. Aliutazama mkono wake. "Mimi," akasema, "nimeambiwa nije nishuhudie mwanamke akikubali. Sikuambiwa nije kumlazimisha."

Seline akavuka chumba. Akalitoa koti msumarini, akalipangusa bega ambalo lilikuwa limeshika vumbi la ukuta, akalikunja vizuri kama anavyokunja kitambaa cha meza ya Bwana, akamnyooshea Absalom kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

Absalom alilitazama koti, akamtazama mzee, akamtazama Benta aliyekuwa amejaa mlangoni na beseni lake. Akasimama kutoka kwenye kiti cha Enos. Akalichukua koti, hakulivaa, akampita Benta pembeni, akatoka nje.