Mlango Uangalie Barabara

Nyumba yetu ilijengwa ikiwa imeipa barabara mgongo, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Zamani upande ule ulikuwa vumbi na mtaro, nani angetaka kuutazama? Mlango mkubwa ukaelekezwa kwenye uchochoro, karakana ya Fundi ikawa pembeni ya mlango, na sisi wapangaji tukajaa katikati, kila mtu na chumba chake na kelele zake. Upande wa nyuma akabaki Shangazi na dirisha lake.

Basi manispaa ikaja kutia lami huko nyuma.

Fundi ni fundi wa makochi. Shangazi ni dada wa marehemu baba yake, aliyemwachia nyumba hii. Ndiye aliyemlea tangu anaota meno, ndiye aliyempeleka kujifunza kazi, na mkasi wake wa kwanza ulinunuliwa na yeye. Nyumba nzima tunamwita Shangazi, hata mimi msusi niliyekuja kupanga tu. Na lile dirisha lake, jamani! Hakuna kilichompita: nani kanunua godoro jipya, nani karudishwa kwao, nani anaaga anakwenda kazini halafu anaishia kusinzia kivulini kwenye kituo cha mafuta. Asubuhi tukisema tunakwenda kumjulia hali, tulikuwa tunakwenda kuchukua habari.

Lami ilipokauka, likapita gari la kipaza sauti. Biashara yoyote yenye mlango unaofunguka kwenye barabara mpya itasamehewa ada ya leseni na ushuru wa mji kwa miaka mitatu, na mwenyewe ataingizwa kwenye mfuko wa mikopo ya vifaa, riba ndogo, bila kuweka hati ya nyumba rehani. Manispaa ilikuwa imejenga barabara nzuri, sasa ilitaka watu wa kuichangamsha.

Fundi alishusha nyundo akasikiliza mpaka gari likapotea. Mwaka uliotangulia manispaa hiyohiyo iliipiga kufuli karakana yake kwa sababu ya leseni, akahangaika huku na huku mpaka likafunguliwa. Cherehani yake ya ngozi ilikuwa inaruka mishono. Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa ameshasema wazi: wakidaiwa tena, wanafunga karakana, mume akatafute kibarua kwenye kiwanda cha magodoro na umri wake huo. Kwa hiyo msamaha ule kwao haukuwa bahati nasibu. Ilikuwa ndiyo pumzi iliyobaki.

Afisa biashara akaja kukagua. Kijana mrefu, viatu vimejaa vumbi, anaongea kama mtu aliyerudia maneno hayohayo tangu asubuhi.

"Mlango uko wapi?"

"Huu hapa," akasema Fundi.

"Huu unaangalia uchochoro. Mimi natafuta unaoangalia barabara."

"Nyumba ni ileile, bosi. Tofauti ni ukuta tu."

"Msamaha haupenyi ukuta, mzee wangu. Twende huko nyuma."

Tukazunguka wote, maana nyumba yetu haina jambo la mtu mmoja. Tukasimama kwenye lami, jua la mchana linatuchoma. Dirisha la Shangazi lilikuwa limefungwa. Saa zile huwa amelala. Afisa akavuta futi yake ukutani, Mama Mapacha akashika ncha.

"Hapa panafaa kabisa," Afisa akasema. "Ndani pana nini?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Chumba."

"Cha nani?"

"Cha shangazi yangu." Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kitu alichoiba.

"Basi mwambieni. Mwisho wa mwezi nikikuta mlango, unaingia kwenye orodha. Nisipoukuta, sina la kukusaidia." Akafunga mkoba, akaenda zake kumchosha mwingine.

Mwambieni! Kama vile ni kumwambia mtu asogeze kiti.

Toka siku hiyo Fundi alifanya kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Alipiga picha za kubandika kwenye maombi. Alihudhuria semina ya wajasiriamali, akafundishwa mpango wa biashara, akarudi na kalamu na soda nusu aliyomwekea mkewe. Alipatana na mwashi. Alinunua hata mlango wenyewe, wa chuma, uliotumika, akauficha karakana nyuma ya marundo ya sponji. Na kila jioni aliingia kwa Shangazi kumjulia hali, akatoka.

"Umemwambia?" Mama Mapacha anamsubiri koridoni.

"Leo mgongo unamuuma."

Kesho yake: "Umemwambia?"

"Leo amefurahi. Nitaanzaje kumharibia?"

Siku ya tatu: "Haya, leo?"

"Leo amenuna, mke wangu. Ukimwambia mtu aliyenuna si matusi hayo?"

"Basi tumsubiri siku ambayo hana mgongo, hajafurahi na hajanuna," akasema Mama Mapacha. "Tutamkuta ni maiti." Akaingia ndani, na mlango aliubamiza ukasikika mpaka kwangu.

Sisi wengine tukaingia kwenye kazi ambayo hatujawahi kuifanya: kunyamaza. Hebu fikiria, nyumba iliyojaa watu wenye midomo isiyo na breki, tunamficha siri yule aliyetufundisha umbeya wenyewe. Ilituchosha kuliko kubeba mizigo. Ukiingia kwake unaogopa ulimi wako. Unasema shikamoo, unaitikiwa, unaanza kutazama mlango. Alikuwa akiniambia, "Mbona haraka, nywele za nani zinaungua?" Baadaye akaacha kuuliza. Na sisi, mmoja mmoja, tukaacha kwenda. Dereva wa chumba cha mwisho ndiye aliyesema kweli: "Mimi nikimtazama machoni nitasema. Bora nisimtazame."

Mwishowe wakanigeukia mimi. "Wewe unamsuka," Mama Mapacha akasema. "Kichwa chake kiko mikononi mwako. Mwambie taratibu." Macho yake yalikuwa mekundu, amekesha akihesabu jambo lisilohesabika. Sikuweza kukataa.

Nikaenda na kitana changu. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikagawa nywele.

"Shangazi, eti manispaa wanataka biashara za upande huu..."

"Kaza huku kwenye sikio."

"Nasema eti wanasamehe watu ushuru, ila sharti..."

"Unanivuta kichogo, mwanangu."

Nikapunguza mkono na maneno pamoja. Ndipo nikaona ukuta. Nguo zake, ambazo siku zote zilining'inia kwenye misumari kama watu waliopanga foleni, hazikuwepo. Misumari mitupu.

"Nguo zote umefua?"

"Nimezikunja."

"Kwa sababu ya vumbi la magari?"

"Maliza kusuka," akasema. "Jua linazama."

Nikamaliza. Nikatoka nikamwambia Mama Mapacha sikuweza, naye akanipungia mkono tu, wala hakunilaumu. Tulikuwa tumechoka sote kiasi hicho.

Siku mbili kabla mwezi haujaisha, Afisa akarudi. Safari hii hakupita uchochoroni. Alisimama kwenye lami, akatazama ukuta wetu ambao haukuwa na kitu ila dirisha, akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Fundi alikuwa karakana anajifanya hajamwona. Sisi tulikuwa tumejazana kwenye dirisha la pembeni la chumba changu, shingo zimetutoka.

Dirisha la Shangazi likafunguka.

"Kijana, unaandika nini mbele ya ukuta wangu?"

"Shikamoo, mama. Naandika kwamba hakuna mlango."

"Marahaba. Mlango wenu unataka upana gani?"

Afisa akababaika. "Kochi lipite, mama."

"Sasa dirisha hili tukilishusha mpaka chini, tukaliongeza kidogo na huku, kochi halipiti?"

"Linapita."

"Basi usiandike. Subiri hapohapo." Akageuza uso ndani, akapaza sauti ikapenya nyumba nzima. "Kidonge! Wewe Kidonge! Njoo hapa!"

Kidonge ni Fundi. Mwanamume mwenye mvi kidevuni, na mpaka leo kwa Shangazi yeye ni Kidonge. Siku nyingine tungecheka mpaka tulie. Siku hiyo tulimfuata nyuma kimya, koridoni hapakuwa na pa kuweka mguu.

Tukamkuta amekaa kwenye mbao za kitanda. Godoro limekunjwa, limefungwa kwa kamba. Sanduku liko miguuni. Amevaa viatu.

"Shangazi, hii nini?"

"Mizigo. Nilianza kufunga siku ile mlipokuja kupima chini ya dirisha langu. Mlidhani nikifunga dirisha nafunga na masikio?"

Fundi akaigusa kamba ya godoro, akaiacha.

"Nikasema, atakuja mwenyewe aniambie naenda wapi," Shangazi akaendelea, wala hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa imechakaa tu. "Kila jioni ukiingia najiambia, ni leo. Unaniuliza mgongo. Unatoka. Hawa nao walikuwa wanajaa hapa kama kuna harusi, wakakatika wote. Nikasema basi, wameshaniaga hawa, bado mimi tu kuondoka. Nimekuwa nalala kama abiria, viatu viko karibu."

"Shangazi, nani kakwambia unaondoka?"

"Na nani kaniambia nabaki?"

Mama Mapacha alikaa juu ya sanduku. Fundi yeye alishuka sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa mikono yenye gundi.

"Tunabadilishana vyumba," akasema humohumo mikononi. "Wewe unakuja karakana, mimi nakuja huku. Ni hivyo tu. Tangu mwanzo ilikuwa hivyo tu."

"Tunabadilishana," Shangazi akarudia, polepole. "Ungenipa neno hilo siku ile, Kidonge, ningelala mwezi mzima."

"Niliona aibu. Nikutoe kwenye dirisha lako wewe, mimi?"

"Aibu ni hii ya kufunga godoro mbele ya wapangaji."

Kutoka nje, Afisa wetu, tuliyekuwa tumemsahau juani: "Mama, niandike au nisiandike?"

"Andika mlango uko njiani!" Shangazi akajibu. Kisha akainama kufungua kamba ya godoro. Fundi akamzuia mkono, akaifungua yeye. Fundo lilikuwa limekaza, ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Kesho yake mwashi akaja na nyundo. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Dirisha lililotulisha habari miaka yote likaanguka kwa mapigo machache, na mahali pake pakasimama ule mlango wa chuma, umepinda kidogo juu, rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeichagua. Afisa akaja, akaufungua, akaufunga, akatia saini. Msamaha wa leseni na ushuru, miaka mitatu, umepita. Mama Mapacha alishika ile karatasi kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Na mkopo wa cherehani?" Fundi akauliza.

"Mfuko umekauka kwa sasa, mzee wangu. Waombaji ni wengi. Jaribu tena robo ijayo ya mwaka."

"Robo ijayo."

"Au inayofuata." Akatutazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa imechoka. "Lakini angalau hamfungi."

Kweli, hatukufunga. Cherehani ikaendelea kuruka mishono, Fundi akaendelea kuirudia kwa mkono. Ila sasa wapita njia wanayaona makochi, wengine wanaingia, wanayabonyeza, wanauliza bei, wanasema watarudi. Wachache wanarudi.

Shangazi ndiye aliyetutia wasiwasi. Alihamia karakana ya zamani bila neno. Tuliipiga rangi, tukamsogezea kitanda, nguo zikarudi kwenye misumari mipya. Lakini dirisha la huko linatazama ukuta wa jirani, na juu ya ukuta yuko paka. Tulikwenda kumwona, sasa tunakwenda kwa zamu, tunakaa hasa, na yeye hana cha kutupa. "Paka kalala," anasema. Jioni: "Paka kaamka." Nyumba ikapooza. Dereva alisema hajui tena hata nani kaoa.

Ikapita wiki hivi. Asubuhi moja Afisa anakuja kubandika kibandiko cha msamaha mlangoni, anakuta njia imezibwa na kochi la watu wawili, na Shangazi amelikalia katikati, amejitanda vizuri, macho barabarani.

"Mama, hapa ni pa wateja."

"Mimi mteja. Bado naamua."

"Unaamua tangu saa ngapi?"

"Usinikimbize, mwanangu. Kochi si pipi."

Afisa akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa na misumari midomoni. Fundi akaitoa taratibu, mmoja mmoja. "Mwache hapo," akasema. "Wewe bandika." Afisa akabandika, akaondoka bila kugeuka, maana alikuwa na mitaa mingine.

Kisha Fundi akaja akakaa pembeni ya Shangazi, springi za kochi zikalalamika, akafumba macho palepale, nyundo bado mkononi. Shangazi akaitoa nyundo mkononi mwake, akaiweka chini. Mimi nilikuwa nimesimama na kitana, sijaanza kazi, nimetoka mbio bila hata kuvaa viatu vizuri.

"Shangazi, nani kapita?"

Alisogea, akapiga mkono kwenye kanafasi kadogo kalikobaki.

"Kaa kwanza," akasema. "Mwezi mzima mlikuwa mnanisalimia mmesimama."

Nikakaa.