Jiwe la Bwana Kifuniko

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni meneja wa kazi za bandari, na mtaani tunamwita Bwana Kifuniko. Jina hilo kajitafutia mwenyewe. Walipochimba tope la gatini, lililoshiba rangi za meli na oili chafu miaka nenda rudi, yeye ndiye aliyesema lisipelekwe mbali: lizikwe kwenye shimo humo humo chini ya maji, lifunikwe kwa mchanga safi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mimi nafuga chaza ng'ambo ya shimo hilo. Chaza hachagui, hunywa kila kipitacho. Tope likitoka, sina kazi, na wanangu hawana shule.

"Shemeji, ondoa shaka," aliniambia. "Siku ya uzinduzi nitakula chaza wako mbele ya wageni."

Na haki ya Mungu, kazi ilikuwa nzuri. Mchanga waliunyunyiza polepole kutoka kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, maana tope lile ni laini kama uji. Mzamiaji akashuka, akarudi akisema umetulia. Wangeishia hapo. Lakini mchanga wa chini ya bahari nani ataupiga picha? Bwana Kifuniko akaagiza jiwe la zege, kubwa kuliko kitanda, lenye jina lake, likakae juu ya mchanga huo. Siku ya uzinduzi, asubuhi nzima walibishana maandishi yaelekee upande gani, utadhani samaki wamesoma.

Kreni ikalishusha. Tukapiga makofi, hata mimi. Jiwe likatua, halafu likaendelea na safari. Lilitoboa mchanga, likazama kwenye ule uji, na tope jeusi likapanda likinuka oili, likafuata mkondo moja kwa moja hadi kwenye kamba ninazoning'inizia chaza. Nililia bila aibu.

"Ni hali ya kawaida," Bwana Kifuniko akasema kwenye kipaza sauti. "Maji ni salama kabisa."

Mgeni rasmi, mtu wa kuamini anachoambiwa, akanyoosha mkono kwenye sahani ya chaza niliyoiweka mezani kwa ajili ya ile ahadi.

"Mheshimiwa, usile hao!"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwa Bwana Kifuniko. Gati lote lilisikia.

Chaza wale nilikuwa nimewavuna alfajiri, kabla jiwe halijashushwa. Ndio wazima wa mwisho niliokuwa nao. Nikaichukua sahani, nikaketi kiti cha mbele kabisa, nikawala mmoja mmoja nikimtazama shemeji yangu.