Udongo wa Aoko

Kila jioni mume wangu alisimama bustanini kwa Aoko, jirani yetu kutoka ziwani, akisifu udongo wake mweusi aliouchanganya na samadi na majivu. Bustani yangu aliipita kama jaa. Roho iliniuma! Asubuhi moja Aoko alipokwenda kuchuma majani ya chai, nilijaza vikapu vinne vya udongo huo, nikaumwaga kwangu na kupanda kabichi.

Aoko aliporudi, alisawazisha shimo kwa jembe, akaendelea na kazi zake.

Mvua iliponyesha, kabichi zangu zilizongwa na mgagani, mboga chungu ya kwao ambayo sisi Wakikuyu hatupandi. Kumbe Aoko alikuwa ameshatawanya mbegu zake katika udongo ule! Niliung'oa, ukamea tena.

Jumapili Aoko akaja na kikapu.

“Mama Muturi,” akasema mbele ya mume wangu, “nimekuja kuchuma mboga zangu.”