Mlango wa Mji wa Vioo

Nasinzia nikiwa nimesimama, ujuzi ambao farasi huzaliwa nao na wanafunzi wa bweni huupata mapema. Nimesimama mlangoni mwa darasa la kidato cha tano kwa sababu kitasa kimetoweka, na bila kitasa mlango hujibamiza kila upepo ukivuma, na Mwalimu Mbilinyi, anayetufundisha historia baada ya makande ya mchana, ametoa hukumu kwamba mtu aliyeweza kukifungua kitasa kwa mpini wa kijiko awe kitasa yeye mwenyewe mpaka kipindi kiishe. Nimeipokea hukumu hiyo kwa heshima zote. Mgongo wangu uko kwenye ubao wa mlango, mguu wangu umeuzuia kwa chini, na sauti ya mwalimu inasema Kuba, inasema Wahispania, inasema miaka thelathini, na huko jikoni wanaunguza sukari ya uji wa jioni, na harufu ile inaingia puani na kushuka, nami nashuka nayo, na ninapojisogeza kidogo nyuma ili niegemee vizuri, nyuma hakuna darasa.

Kuna barabara. Pande zote mbili ni miwa, na miwa inawaka, inateketea mpaka mashinani, kisha inasimama tena kijani kama iliyoamrishwa, kisha inawaka. Mbele yangu anatembea mtu mwenye kofia pana ya ukindu, panga kiunoni, miguu mitupu. Namsalimu, kwa sababu nimelelewa. Anageuka, na chini ya kofia hakuna uso, ni mahali laini na patupu kama ndani ya chungu. Nani anachoma haya mashamba, namuuliza. Sisi, anasema. Ni ya nani? Tuliyapanda sisi, tukayapalilia sisi, na sukari yake ikakorogwa kwenye vikombe vya ng'ambo. Basi tunaizima chai yao. Naitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa vita. Na mji uko mbali? Tukienda wenyewe ni karibu, anasema. Tukisaidiwa ni mbali zaidi. Nacheka, maana mzaha mzuri nautambua hata ukitoka mahali pasipo na mdomo, lakini yeye hacheki, na barabara inajikunja na kutupitisha tena pale tulipopita, na tunapopita mara hii kuna mama ameketi kando ya njia akishona.

Anaitwa Eulalia. Ananitajia jina lake bila kuinua macho, kisha ananiambia nishike pembe ya kitambaa ili kisikunjamane, na naishika, na hivyo ndivyo ninavyoingia kwenye vita. Ni bendera. Mistari ya buluu ni shati la mume wangu, anasema, aliyekufa kwenye vita vya kwanza, mimi nikiwa bado sijui kushona. Nyekundu hii ni kitambaa cha shingoni cha mwanangu Nicanor, aliyekufa mwaka jana mtoni. Nyeupe hii ni shuka ya mjukuu wangu. Na yeye alipigana, nauliza. Alikuwa na miaka minne, anasema, Wahispania walituhamisha kijiji kizima wakatuzungushia waya, wakasema ni ili tusiwalishe wapiganaji, na mule ndani hatukuweza kumlisha hata yeye. Anakata uzi kwa meno. Nyota nimeikata kwenye gauni langu la harusi. Sasa kimebaki kitu kimoja, ipande kwenye mlingoti wa mji nikiwa naiona. Nikifa kabla, hawa watatu nitawaambia nini? Naivuta pembe niliyoishika ili isikunjamane.

Tunatembea. Wapiganaji wanatoka kwenye miwa mmoja mmoja, weusi na weupe na wa rangi zote za katikati, mashati yao ni matundu kuliko kitambaa, na barabara inakuwa ufukwe, na ufukweni kuna wageni wanashuka kutoka kwenye meli za chuma. Wana viatu, wana biskuti, wana homa. Wametoka Marekani kuja kutusaidia, anasema Eulalia, na kusema kweli wanasaidia, kwa sababu mizinga yao inaongea mpaka vilima vinainama. Wapiganaji wetu wanawaonyesha mahali pa kushukia, wanawafyekea njia, wanawabebea maji. Mmoja wa wageni, kijana mrefu anayetetemeka kwa homa, Eulalia anampa asali kwenye maji ya moto, naye anamwita mama kwa lugha yake, na anaonekana mtu mwema. Mbona unamhudumia kuliko sisi, namtania. Kwetu mgeni hutangulia, anasema, kwenye sahani, kwenye kitanda, kwenye mlango. Na wewe ni mgeni pia, ila umekuja mikono mitupu, kwa hiyo shika bendera.

Mji umejengwa kwa vioo. Kuta ni vioo, mnara ni kioo, na tunapoukaribia tunajiona tukija kutoka upande wa pili. Wapiganaji wanasimama kujitazama, kwa sababu ndani ya kioo wana viatu. Lakini namtafuta yule kijana mrefu kwenye kioo kingine, na ninapomwona anapanda kilima peke yake. Nyuma yake, pale tulipo sote, kiooni kuna majani tu. Namvuta yule wa kofia pana kwa mkono wa shati. Sisi tuko wapi, nauliza. Kioo kinamwona anayekilipia, anasema kofia ile, na siipendi sauti yake.

Lango linafunguliwa kutoka ndani. Wahispania wamechoka, wanaweka bunduki chini kama watu wanaotua ndoo. Eulalia na yule kijana wanafika kizingitini pamoja, bega kwa bega, na njia ni nyembamba, na hapo mama huyu aliyesubiri miaka thelathini anafanya jambo ambalo mama yeyote wa milima hii angelifanya. Anajisogeza pembeni. Pita, mwanangu, anasema, wewe ni mgeni. Kijana anapita. Wenzake wanapita, wengi, wanapita mpaka nachoka kutazama. Kisha kijana anageuka, anavua kofia. Samahani, mama, anasema, amri imekuja kwamba watu wenu wabaki nje. Tunaogopa mtalipiza kisasi. Kisasi, anasema Eulalia, mimi nimekuja na nguo. Kijana anaona haya kweli, namwona, na anasukuma lango hali ameona haya.

Juu ya ukuta tunaona ncha ya mlingoti. Bendera ya Hispania inashuka. Mlingoti unabaki mtupu kitambo, na watu wote nje wanasimama, hata wagonjwa, na Eulalia ananipokonya bendera na kuikunjua. Kamba inacheza. Inapanda nyingine. Ina nyota nyingi sana, na Eulalia anazitazama moja moja kama mtu anayetafuta mtoto wake shuleni. Katika hizo zote, ananiuliza, yetu ni ipi? Namwambia, mama, bwenini kwetu kulikuwa na mbabe aliyejimilikisha bafu, kidato cha sita wakaja kutusaidia kumtoa. Akatoka? Akatoka. Na bafu? Ni la kidato cha sita. Na ninyi? Tunaogea nje, kwa ndoo. Kwa mara ya kwanza Eulalia anacheka, kisha anaacha.

Hapo nahisi maumivu, natazama chini. Lango halijafungika. Mguu wangu uko kwenye upenyo, umekaa pale wenyewe, kwa mazoea. Nanong'ona kwamba mimi ni mwembamba, kwamba milingoti naijua, kwamba nina historia na suruali ya mwalimu mmoja ambayo sitaieleza, nipe bendera nipenye, wakiamka kesho wataikuta juu. Anaikunja polepole. Nikitaka kuanika nguo nina kamba nyumbani, anasema. Itapanda mchana, watu wakiona, na sisi tumepita mlangoni kwa miguu yetu. Wenzangu wengine walishuka mtoni kufua mashati, wakidhani kuna sherehe. Naenda kuwaita. Wewe usiutoe huo mguu. Mtachelewa, nauliza. Yule asiye na uso ndiye anayejibu, akiwa tayari anatokomea kwenye miwa. Mtoni, anasema, hakuna anayejua shati limekauka mpaka alivae.

Lango linasukumwa kutoka ndani. Nalisukuma. Linasukumwa, na mtu anacheka, na vumbi la chaki linanipanda puani, na Lwitiko, ninayeketi naye dawati moja, anasukuma mlango kwa mikono miwili akisema ndugu, umelala au umekufa, kengele imelia. Darasa zima limepanga foleni nyuma yake. Mwanga wa dirishani uko migongoni mwao, nyuso sizioni, kati yao kuna kofia pana, au ni kichwa cha mtu na kivuli chake. Harufu ya sukari inayoungua ipo bado. Tangulia basi, anasema Lwitiko. Tangulia wewe, nasema. Wanatoka, wote, na mguu unaniuma lakini siutoi. Mwalimu Mbilinyi anakusanya vitabu, anakuja, anapita mbele yangu, anasimama. Adhabu imekwisha, anasema, achia mlango. Huko nyuma, mwisho wa darasa tupu, nasikia kitambaa kinakunjuliwa.

Bado, mwalimu, namwambia. Kuna mtu hajapita.