Simu ya Kila Saa

Afande Norman alikuwa amestaafu uaskari jela miaka sita iliyopita, lakini bado aliwahesabu watu kana kwamba wanapanga kutoroka. Kampuni ya samaki ilimpa kusimamia maghala mawili, moja Bugembe nje kidogo ya Jinja, jingine Mbale mjini, naye aliyasimamia yote mawili akiwa kitandani kwake Nakaloke, kando ya Mbale. Hilo aliliona ni akili. Kukesha ni kazi ya wasiokuwa na cheo.

Ghala la Bugembe lilikuwa na chumba cha barafu, ambamo sangara walipangwa kwenye kreti kusubiri lori la alfajiri. Zamu ya usiku ilikuwa ya wanawake wawili, Metrine na Daphine. Mmoja akiingia kuongeza barafu, mwenzake hubaki mlangoni, maana komeo la ndani lilikatika tangu Pasaka, na mlango ukijifunga, aliye ndani hana la kufanya. Walimweleza Norman kuhusu komeo hilo. Akawajibu kwamba la nje ni zima, na kwamba katika miaka yake yote gerezani hakuwahi kuona mlango unaofunguliwa kwa ndani. Akacheka peke yake, kisha akaenda kunywa chai.

Haukupita mwezi akamhamishia Daphine zamu ya mchana. Watu wawili usiku, alisema, ni soga tupu. Metrine, mama wa Kikenya aliyepanga chumba Mafubira, aliuliza mlango atashika nani. Akaambiwa aweke gogo. Na ili asije akalalamika kwamba ameachwa peke yake, Norman akabuni mpango: kila saa kamili atampigia simu. Akipokea, yuko macho. Asipopokea, amelala, na jina lake linaingia daftarini. Huo aliuita mpango wa usalama. Mkurugenzi aliusifu, na tangu siku hiyo Norman akavimba kichwa hata kofia yake ya zamani ikawa haimtoshi.

Kwamba mtu anaweza kukosa kupokea simu kwa sababu nyingine, hilo halikupita kabisa katika kichwa hicho kilichovimba.

Alhamisi moja Metrine alipokea simu ya saa nne na ya saa tano. Alijibu neno moja tu, "Niko," kwa ile sauti yake kavu ambayo Norman hakuipenda. Kwa miezi mitatu mama huyu hakuwahi kukosa hata mara moja, na akikutana naye humtazama usoni bila kuinamisha macho. Norman alikuwa akimvizia.

Saa tano na nusu Metrine aliingia na toroli la barafu. Gurudumu likagonga gogo, gogo likateleza kwenye maji, na mlango ukajifunga nyuma yake. Alipiga kelele, akapiga mlango kwa kreti, na barabarani malori yakaendelea kupita kwenda Iganga. Nguo zake zilikuwa zimelowa tayari.

Saa sita simu iliita mpaka ikakatika. Kule Nakaloke Norman akaketi kitandani, usingizi wote umemwisha kwa furaha. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Saa sita. Amelala." Saa saba akapiga tena, akaandika tena. Mkewe, Santa, akaamshwa na kicheko chake, akauliza kuna nini, na alipoelezwa hakucheka.

"Labda mutu ameumia," Santa alisema. "Piga kwa ile askari ya petroli, aende aangalie."

Askari wa kituo cha mafuta jirani aliitwa Siraje, na namba yake Norman alikuwa nayo. Angetumia dakika moja. Lakini yeye alimtazama mkewe kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu swali la wakubwa.

"Mimi nalinda watu miaka ishirini na mbili," alisema. "Mutu ya usiku hapana umia. Yeye nalala tu."

Akapiga saa nane. Akapiga saa tisa. Alipotosheka kwamba ushahidi umejaa, aliandika barua ya onyo la mwisho, akaupiga picha ukurasa wa daftari, akamtumia mkurugenzi pamoja na maneno ya kujisifu, kisha akalala usingizi wa pono.

Ouma, dereva wa lori, ndiye aliyefungua mlango saa kumi na moja. Alimkuta Metrine bado anatembea, amejiegemeza kwenye kreti, hatua moja kisha nyingine, na vidole vyake vyeupe kama mishumaa. Hakuweza kusema. Ouma alimvika koti lake, akamkimbiza hospitali Jinja kwa lori lile lile, samaki akawaacha. Kumpigia msimamizi hakuona faida yake.

Norman alifika Bugembe saa tatu, barua mfukoni, ameikunja vizuri. Daphine alimweleza yaliyotokea bila kumsalimu, akaendelea kufagia maji. Njia nzima ya kwenda hospitali Norman alijipangia utetezi, na kadiri alivyoupanga ndivyo ulivyompendeza.

Metrine alikuwa amelala amefungwa bandeji mikono yote miwili, Ouma ameketi kando yake. Madaktari walikuwa wamesema vidole vitatu vya kushoto havitapona. Norman akatoa pole, haraka haraka kama mtu anayevuka barabara, kisha akalifungua daftari. Alitaka wajue kwamba yeye hakuzembea. Alipiga mara nne. Kila saa imeandikwa. Mpango ulifanya kazi.

Metrine alimwacha amalize.

"Simu niliacha kwa msumari nje, afande, isilowe," alisema polepole. "Ile mpira ya mlango imepasuka, kwa hivyo nilikuwa naiskia. Saa sita ikilia nikasema, haya, sasa amejua. Saa saba nikasema mmetoka Mbale. Unapiga unipe moyo. Saa nane nikasema mmepita Tirinyi. Saa tisa, mmefika Iganga. Nikaendelea kutembea."

Akapumua.

"Saa kumi haikulia. Nikafurahi sana. Nikasema, wako mlangoni."

Ouma alinyoosha mkono, akalichukua daftari, wala Norman hakulizuia. Dereva akasoma mistari ile minne kwa kidole, akafika ule wa tano, ambao haukuwa na kitu, akamwangalia msimamizi akisubiri. Saa kumi Norman alikuwa amelala.