Mzee wa Visogo

Mume wangu alikuwa mtengeneza sinema ambaye hakuwahi kuonyesha uso wa mtu. Nyarugusu nzima, huku machimboni Geita, walimwita Mzee wa Visogo, na mimi wakaniita Mke wa Visogo, jina ambalo sikulipenda hata siku moja. Jina lake hasa ni Enock. Nasema ni, kwa sababu ulimi wangu bado haujakubali kusema lilikuwa.

Sinema zake alipiga kwa simu. Anakaa nyuma ya mtu, anampiga anavyotembea, anavyobeba kiroba cha mawe, anavyoshuka kwenye duara, shimo la dhahabu, mpaka kichwa kinazama na kamba inabaki inatikisika, na hapo hapo sinema inaisha. Huyo mtu alipata kitu huko chini? Hujui. Alipanda salama? Hujui pia. Wanawake wa sinema zake wote walikuwa wanamsubiri mtu, na wote uliona vilemba vyao na migongo ya kanga tu. Hakuna aliyesema neno. Ulichosikia ni upepo, mbuzi wa jirani, na pumzi za Enock mwenyewe nyuma ya simu, maana vumbi la huku lilikuwa limemharibu kifua na akipumua unamsikia.

Sasa wapelekee hiyo wachimbaji waliotoka kazini wanataka kucheka. Rafiki yake Onesmo, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea sinema pale sokoni, alijaribu. Watu walipiga miluzi, mmoja akauliza kama simu ya Enock haina upande wa mbele. Lakini Onesmo ana mdomo. Ndiye anayetafsiri sinema za Kichina na za Kihindi kibandani kwake, anashika maiki na kuwasemea waigizaji wote, mabibi kwa majambazi, Kiswahili na Kisukuma humo humo mpaka watu wanashika mbavu. Akaona dawa ni hiyo hiyo. Kila sinema ya Enock akaifunika kwa muziki, na juu ya muziki akaweka maneno yake: huyu jamaa mnayemwona amewakimbia wake wawili Kahama, sasa anajificha shimoni. Kibanda kikajaa. Enock hakukasirika. Alisema sinema ikishamtoka mkononi ni ya watu. Simu yake ikijaa alifuta zile zisizo na maneno, zikabaki kibandani hizo za Onesmo.

Aliyekasirika ni mimi. Nauza chai na mihogo ya kukaanga jirani na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayonguruma kutwa nzima kiasi kwamba mteja akitaka chachandu ananionyesha kwa kidole. Nimezaa naye, nimemfulia, nimemuuguza, na hakuwa na picha yangu hata moja ya usoni. Siku moja tukiwa tunakula nikamwambia wahenga hawakukosea, akupaye kisogo si mwenzio, na yeye simu nzima ameijaza watu wasio wenzake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Vumilia," akasema, "uso unajua kwamba unatazamwa, ndiyo maana unadanganya. Kisogo hakijui."

Nikamjibu kwamba kisogo changu nacho kimechoka. Tukaendelea kula.

Mvua za mwaka huu zilimkuta na wazo jipya. Alitaka akae chini kabisa ya duara, awapige wachimbaji wakiwa wanapanda, mwanga wa juu ukiwaangukia usoni. Nilifurahi. Nilidhani mume wangu hatimaye amepona ugonjwa wa visogo. Asubuhi moja aliiacha simu kwa Onesmo ichajiwe, akashuka na wachimbaji wawili aangalie kwanza mwanga unaingiaje. Udongo ulikuwa umelowa. Ukingo ulikatika ukawafuata chini. Wale wawili walitolewa siku ya pili, wakiwa wameshakufa. Enock hakupatikana. Maji yalijaa, ikaamuliwa duara lifukiwe. Nilikuwepo wakati wanalifukia, nimeshikwa mikono na wanawake, na nilimtukana kila mtu aliyeshika koleo. Wote walinielewa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama mkwe alikuja kutoka Segese. Nilimpigia magoti, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani. Tulikubaliana tukazike shati lake la kanisani kule nyumbani, kwa kuwa mwili hatukuwa nao. Mama akataka na picha ya mwanawe ya kubandika msalabani. Tukapekua nyumba nzima. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake, huko huko shimoni. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ambazo hakuna aliyezijua. Mtu aliyepiga picha watu wote wa Nyarugusu, yeye hakuna aliyempiga.

Basi tukaenda kibandani kwa Onesmo kuangalia zile sinema, labda kivuli chake kilipita mahali. Onesmo akaziwasha moja baada ya nyingine. Migongo ikapita, na juu yake sauti ya Onesmo inatania, inapiga chapuo, inamsingizia mtu ambaye sasa ni marehemu kwamba ameiba jogoo. Hata mwenyewe alishindwa kuisikiliza, akainama akishika rimoti. Mama mkwe alitazama kwa utulivu mkubwa, kisha akauliza mwanawe yuko wapi hapo. Onesmo akamwambia yuko nyuma ya simu, haonekani. Mama akauliza kama basi anasikika.

"Alikuwa anasikika, mayu, mama yangu," Onesmo akasema. "Mimi ndiye niliyemfunika."

Mama hakumlaumu. Alitueleza kwamba baba yake Enock naye aliondoka hivyo, alikwenda machimboni mtoto akiwa mdogo, asirudi, na Enock alisimama njiani akamwangalia kisogo mpaka kikapotea kwenye mtama. Akawa anauliza kila jioni kama kisogo kile kitageuka. Nimeishi na mtu huyo, nimemtania kwa methali, na hakuna siku aliyoniambia. Nililia pale kibandani kuliko nilivyolia kwenye duara.

Tulizika shati. Msalaba ukabaki na jina tu.

Kisha Onesmo akachukua ile simu, akaipeleka kwa fundi Geita mjini, akarudi nayo imefunguka. Alinikuta nakuna nazi, akanisihi niache kila kitu niende naye kibandani. Alikuwa amefunga mlango na hakuna mteja. Aliniambia kwamba siku Enock anaileta simu kuchaji, alimpa maagizo: humu kuna moja, hii usiisemee, hii nitaiwekea uso mwishoni.

"Sijaigusa, Mama Vumilia," akasema. "Hata muziki sijaweka."

Akawasha. Alikuwa ni mwanamke kwa nyuma, amejifunga kanga ya kijani, anakaanga mihogo. Ilinichukua muda kujitambua, kwa sababu nani anakijua kisogo chake? Karasha inanguruma. Moshi unanijia usoni nasogeza kichwa. Nageuza mihogo, najifuta jasho kwa kiwiko, nampa mteja, narudi kwenye karai. Na chini ya mngurumo ule, karibu kabisa, nikamsikia. Pumzi zile zile zilizokuwa zinaniamsha usiku nikamwambia kwa hasira lala upande wa pili. Niliegemea spika. Nilitamani kuingia humo ndani.

Halafu akasema. Enock, ambaye sinema zake hazikuwa na neno, akasema.

"Aneth."

Hakuwa ameniita hivyo tangu Vumilia azaliwe. Yule mwanamke akaendelea kugeuza mihogo.

"Aneth, geuka nikuone."

Karasha ikanguruma. Kisogo changu kikabaki pale pale, na fundo la kilemba, na jasho shingoni. Alisubiri. Nilisikia anavyosubiri, pumzi moja, nyingine, akakohoa kidogo, pengine akitumaini kikohozi nitakisikia. Kisha akacheka taratibu, kama mtu anayejua mahali pa kunipata wakati wowote.

"Haya basi. Kesho."

Kioo kikawa cheusi. Kesho yake ndiyo ile asubuhi aliyoshuka.

Onesmo alikuwa anafuta macho kwa ukosi wa fulana. Nikamwambia airudishe. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia airudishe mwanzo.

Akairudisha. Nikakaa kwenye benchi la mbele kabisa, nikavua kilemba, nikajipangusa uso vizuri. Enock alipoita, niliitika abee, kwa sauti kubwa, mpaka nje mtu akachungulia dirishani. Aliposema geuka nikuone, nikageuka upande ule sauti ilikotoka, kwenye spika, na kumwonyesha uso wangu.

Kwenye kioo, yule mwanamke aliendelea kukaanga mihogo.