Nyumba Ambayo Haijaulizwa

Kitendawili: mtaa mzima umelala kwenye shuka moja, na hakuna anayekoroma.

Ni ramani. Tuliichora sebuleni kwangu, juu ya shuka langu jeupe la kitanda kikubwa, kwa sababu karatasi za kuunga kwa gundi zilikuwa zinachanika kila zikikunjwa. Nikawaambia chukueni shuka, mimi siku hizi nalala kitanda cha futi tatu.

Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba mtaa utakaoandika mpango wake wenyewe, ukasema unataka nini kwanza na nini baadaye, utafikiriwa bajeti itakapopangwa. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi unaofuata. Atakayechelewa angoje mwaka mwingine. Na kwetu sisi mwaka mwingine maana yake ni mvua zote za mwaka bila mtaro, maji yanaingia jikoni mwa watu kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

Ikachaguliwa kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa sauti ndogo na saa kubwa ya mkononi. Katibu alikuwa fundi cherehani, binti wa nyumba za kule bondeni, mwandiko wake umenyooka kama mshono. Wa tatu fundi baiskeli, ambaye watoto walimbandika jina la Spoku kwa wembamba wake. Walikosa pa kukutania, nikasema kwangu kuna nafasi. Nafasi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi.

Jumamosi ya kwanza niliwatega. "Nina nyumba inayozidi kuwa kubwa, wala sijaita fundi."

"Mimba!" akasema Spoku.

"Mimba ni nyumba?"

"Si kuna mpangaji ndani?"

Muuguzi akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia Spoku amepata. Hakupata. Jibu lake ni nyumba ambayo watoto wameondoka mmoja mmoja, halafu na baba yao akaondoka kwa njia yake. Lakini hilo si jibu la kuwapa watu waliokuja kufanya kazi.

Kazi waliifanya kweli. Walizunguka mtaa kwa miguu na kamba ya kupimia, wakaandika kila nyumba namba yake kwenye shuka. Katibu aliingia mlango kwa mlango na fomu: mnaishi wangapi, kinachowasumbua kwanza ni nini, cha pili ni nini. Muuguzi aliweka sharti moja siku ile ile ya kwanza, akalifanya liandikwe juu kabisa kwenye daftari: nyumba ambayo haijaulizwa, mpango haufungwi.

"Tumepangiwa vya kutosha na watu wasiotuuliza," alisema. "Tusije tukafanya yale yale."

Mimi nilikuwa napika chai na kushika ncha ya shuka. Wakiondoka, vikombe sikuviosha mpaka Jumatatu. Niliviacha mezani, mtu akichungulia dirishani aseme hapa palikuwa na watu. Jumanne mpaka Alhamisi nilikuwa nasikia friji tu. Mwanangu wa kwanza hupiga simu akiwa njiani kwenda kazini. "Mama, mzima? Haya, mtandao unakata, nitapiga." Ijumaa nilianza kufagia.

Basi shuka likazidi kujaa, na mimi nikaanza kuona mwisho unakuja.

Mara ya kwanza niliwakumbusha njia ya maji nyuma ya mashine ya kusaga, ambayo kweli walikuwa wameisahau. Wakanisifu. Mara ya pili nikawakumbusha kichochoro cha watoto wa shule, nayo ilikuwa kweli. Mara ya tatu nikasema alama za taa zingependeza zikiwa nyekundu badala ya bluu, wakazichora upya saa nzima.

"Mchumba," Spoku akaniambia, "ungekuwa mkaguzi wa serikali tungekukimbia sote."

Jumamosi ya sita muuguzi akatazama saa yake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. "Leo tunafunga. Kuna nyumba iliyobaki?"

"Moja," akasema katibu. "Ya mchomeleaji, kule mwisho. Nimekwenda mara mbili, imefungwa."

"Huyo atakuwa amehama," akasema Spoku.

Nami nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akihama. Kitanda kimepinduliwa juu ya mkokoteni, mkewe anafuata nyuma amekumbatia kioo. Aliniaga. "Bibi, tumeondoka, tuombeane heri."

Mdomo wangu ukasema, "Yupo. Juzi jioni nilimwona ananunua mkaa."

"Basi lazima aulizwe," akasema muuguzi, na daftari likafungwa, na nikajua Jumamosi ijayo wanakuja.

Walikuja. Katibu alikuwa amelowa, viatu ameviacha mlangoni, vimefumuka soli. Alikuwa amekwenda kwa mchomeleaji kila siku baada ya kazi, na wote watatu walikuwa wamepitia tena asubuhi hiyo hiyo, wakagonga mvua ikiwanyeshea. Nikawapa taulo. Sikuwapa ukweli.

"Mchapaji anataka siku tatu," katibu akasema. "Jumanne jioni asipopata karatasi zangu, Ijumaa hatuna kitu mkononi."

"Tumngoje mpaka Jumanne," akasema muuguzi. Lakini safari hii hakuitazama saa yake, aliifunika kwa kiganja.

Jumanne alikuja katibu peke yake kuchukua shuka. Akalitandaza sakafuni, akapiga magoti, akaanza kulinganisha namba za nyumba na fomu zake.

"Nyumba sitini na moja. Fomu hamsini na tisa." Akahesabu tena. "Moja ya mchomeleaji. Nyingine ni ipi?"

Kidole chake kikapita njia ya kwanza, ya pili, kikasimama kwenye kumi na tisa. Akainua macho akatazama ukuta, dirisha, meza yenye vikombe. Halafu akanitazama mimi.

"Bibi. Hii si hapa?"

"Ni hapa."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna."

Akaketi chini kabisa. "Mimi nilijua muuguzi amekuandika. Naye bila shaka alijua mimi. Wiki zote hizi tunakunywa chai yako!" Akatoa fomu mpya, akaikunjua juu ya goti. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya mlangoni kwa watu. "Mnaishi wangapi hapa?"

"Andika mmoja."

Akaandika. "Kinachokusumbua kwanza?"

"Mtaro."

"Maji hayafiki huku kwako, bibi."

"Basi taa."

"Taa ya barabarani iko mlangoni pako."

Nikageukia vikombe mezani. Yeye akangoja na kalamu yake. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuningoja hivyo, bila kushika simu, bila kusema haya nitapiga. Nilitaka kumpa jibu zuri lenye nafasi kwenye fomu. Nikatafuta: zahanati, choo cha soko, dampo. Hakuna hata moja lililokuwa langu.

"Mchomeleaji amehama," nikasema. "Nilimwona. Aliniaga."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Kabla sijawaambia yupo."

"Kwa nini, bibi?"

"Mpango ukiisha, mnaondoka."

Nilidhani atanishika mkono. Hakunishika. Alisimama, akaanza kukunja shuka.

"Unajua mtaro ule unaingia jikoni mwa nani? Mwa mama yangu. Nimesimama na mvua nagonga mlango wa nyumba tupu, gauni la mteja limelowa mkobani nimelifua upya, kumbe wewe uko hapa unajua." Akavuta pumzi. "Ungesema tu tuje. Tungekuja."

"Mngekuja mara ngapi?"

Akamaliza kukunja shuka. Akaichukua fomu yangu. Niliona alichoandika: mmoja. Mistari mingine yote aliiacha mitupu.

"Mwenyekiti nitamwambia nyumba ya mchomeleaji haina mtu," akasema akiwa mlangoni. "Habari zako utamwambia mwenyewe."

Ijumaa niliwaona wakipita. Nilisimama nyuma ya pazia. Muuguzi mbele, Spoku amebeba shuka kwapani kama mkeka, katibu na karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Hawakugeuka. Mchana sikupata habari. Kama mchapaji alimaliza, kama walipokelewa au walikuta dirisha limefungwa, sikujua.

Jumamosi nilifagia. Chai nilipika, nikamimina kikombe kimoja, nyingine nikaiacha ipoe kwenye sufuria. Jumapili mwanangu hakupiga. Nilikaa nikiwaza mvua ikija, maji yakaingia jikoni mwa yule mama wa bondeni, yatakuwa yameingia kwa mkono wangu. Na hakuna wa kuja kuniambia ndiyo au siyo. Nimeishi mtaa huu tangu watoto wakiwa wa kubebwa, na siku zote mimi ndiye wa kukaribisha. Nilijaribu kukumbuka mlango hata mmoja niliowahi kuubisha bila kuitwa, msibani au harusini. Sikuukumbuka.

Jumatatu asubuhi nikavaa viatu.

Karakana ya Spoku ni banda la mabati lenye baiskeli zilizoning'inizwa miguu juu. Nikasimama nje.

"Hodi."

"Karibu... Ah! Mchumba! Umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza. Mpango umepokelewa?"

"Umepokelewa! Saa tisa na nusu, karani ana funguo mkononi. Muuguzi alikimbia, bibi. Mimi sijawahi kumwona yule mama akikimbia."

Ningeweza kurudi nyumbani na habari hiyo tu.

"Katibu amewaambia?"

"Ametuambia nini?"

Basi nikamwambia. Mkokoteni, kioo, mkaa wa uongo, vyote. Alikuwa anazungusha tairi la nyuma la baiskeli, akaendelea kulizungusha. Nilingoja utani wake. Haukuja.

"Tuligonga nyumba tupu," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mwenyekiti atakasirika."

"Najua."

"Na mimi nimekasirika."

"Najua, mjukuu wangu."

Tairi likazunguka mpaka likasimama lenyewe. Akalitazama, akanitazama mimi niliyesimama juani. Kisha akasukuma kreti la soda kwa mguu mpaka likafika karibu yangu, bila kusema kaa. Nikakaa. Akanirushia mpira wa ndani mapajani, akavuta beseni la maji.

"Uzamishe kidogo kidogo. Povu likitoka, shika hapo hapo kwa kidole."

"Muuguzi yuko nyumbani saa hizi?"

"Harudi mpaka jioni."

Nikakunja mikono ya gauni. "Basi nitamngojea hapa," nikasema, nikaanza kuuzungusha mpira majini, natafuta tundu.